Spoki ya Baiskeli na Hemu ya Molo

Kosa langu la kwanza jikoni lilikuwa kuzika hemu nzima nyuma ya choo. Sikuiunguza, sikuiangusha, wala sikuila. Niliizika. Nilichukua jembe la bustani, nikachimba shimo la kufika gotini, nikaifukia na kukanyaga udongo mpaka ukawa sawa, kisha nikanawa mikono mara tatu na kurudi kumenya viazi kama mtu asiye na habari.

Nawaambia hili mapema, nyinyi vijana mnaojifunza kupika, kwa sababu huko mbele mtanisikia nikisema fanyeni hivi, msifanye vile, na mtadhani nilizaliwa nikijua. Sikusomea upishi mahali popote. Nilitoka kwetu magharibi nikiwa na miaka ishirini na mmoja, nikaomba kazi katika nyumba moja ya Wazungu pale Nakuru, upande wa juu mjini, nikasema mimi ni mpishi. Nilikuwa nimepika ugali na mboga na chai. Mengine nilijifundisha usiku kwa usiku kwa kuandika kwenye daftari kila nilichoona, na kwa kuogopa. Hofu ilinifundisha mengi, lakini pia ndiyo iliyozika hemu.

Hemu, kwa asiyeijua, ni paja la nyuma la nguruwe lililokaa kwenye chumvi majuma mengi, kisha likaning'inizwa likauke. Miaka ile ya hamsini, nyumba yetu haikuwa na friji. Tulikuwa na sefu ya makaa, kabati la mbao lenye kuta mbili za waya, na katikati ya kuta hizo makaa yanayomwagiwa maji asubuhi na jioni. Upepo ukipita kwenye makaa yenye maji, ndani kunakuwa baridi. Memsahib, mama mwenye nyumba, aliniletea hemu ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa kitambaa, akasema itundike humo, tutaipika mwezi ujao. Baada ya siku kumi nilifungua mfuko nikaona kuvu. Kuvu ya kijani na nyeupe, kama ile ya kwenye ngozi iliyosahauliwa mvuani. Nikajua nimeiua nyama ya watu. Nikawaza wakiila watakufa, na mimi nitanyongwa. Sikumuuliza mtu. Nikaenda kutafuta jembe.

Siku mbili baadaye Memsahib alikuwa barazani na wageni wa chai. Mbwa wa nyumba, mnene kama pipa, alipanda ngazi akiburuta kitu cheusi, akakiweka miguuni pa Memsahib, akakaa na kungoja asifiwe.

"Zakayo," Memsahib aliita. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani, lakini kilifika. "Hii nini?"

"Hemu, Memsahib."

"Nani naweka hii ndani ya mchanga?"

"Mimi, Memsahib. Ilikuwa na kuvu."

 Aliomba kisu na siki. Akaifuta ile hemu sehemu moja, akakata kipande chembamba pale ambapo meno ya mbwa hayakufika, akanionyesha. Ndani ilikuwa ya waridi, safi, inanukia vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukaribia.

"Kuvu iko kama vumbi juu ya kiatu," alisema. "Wewe nafuta. Wewe hapana zika kiatu."

Wageni walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Bwana, mumewe, hakucheka. Bwana alikuwa mtu wa maneno machache ambaye aliyatamka yote kwa sauti ileile, awe anaomba chumvi au anamfukuza mtu. Aliniambia nikiharibu hemu nyingine nitaondoka, na kwamba ataandika sababu kwenye kitabu changu. Kila mtumishi wa nyumba alikuwa na kitabu hicho, na kila tajiri aliyekuajiri aliandika ndani yake ulivyokuwa. Maneno mabaya mawili humo, hakuna jiko kutoka Naivasha hadi Eldoret ambalo lingekupokea. Nilikuwa nimeoa mwaka huo. Mke wangu, Rhoda, alikuwa bado nyumbani akingoja nimwite.

Basi nikawa mlinzi wa nyama. Hapa nicheke kidogo, maana nilipitiliza. Hemu iliyofuata niliifuta kwa siki kila siku, na mara moja kwa juma ingetosha. Niliweka miguu ya sefu ndani ya mikebe ya maji ili siafu wasipande, hilo lilikuwa sawa. Lakini nilikuwa nikifungua mlango wa sefu kuinusa baada ya kila kazi. Nimepiga pasi, nanusa. Nimefagia, nanusa. Usiku nasikia kama inaniita. Memsahib alipogundua kwa nini siagi inayeyuka ndani ya sefu, alifunga kufuli.

"Mlango nafunguka mara mbili," alisema. "Asubuhi, jioni. Wewe nataka nusa kitu, nusa maua."

Mtu wa wasiwasi anadhani kuangalia sana ni kutunza. Baridi ya sefu inakaa ndani mlango ukifungwa, kwa hiyo kila nilipoenda kuhakikisha nyama iko salama, niliipunguzia usalama. Ninawaambia nikijua mtasahau, kwa sababu mimi mwenyewe nimeinuka sasa hivi kutoka mezani kuangalia maharagwe ambayo niliyaangalia kabla ya aya iliyopita.

Aliyenipa kitu cha kunituliza alikuwa Mzee Barasa. Yeye alikata nyama kwa nyuma katika duka la nyama ya nguruwe mjini, na sisi wapishi tulihudumiwa kwenye kidirisha cha uani, tukiwa na chiti, vikaratasi vya kuagizia, za waajiri wetu. Mara ya kwanza nilimwomba anigeuzie hemu huku na huku, nikaibonyeza, nikaipima uzito mkononi, nikaomba nyingine, nikairudia ya kwanza.

"Kijana," aliniambia, "unanunua au unaposa?"

Wapishi nyuma yangu kwenye foleni wakaangua kicheko. Nikamwambia ukweli, kwamba nimewahi kuzika moja. Akaweka kisu chini. Kumbe habari ilikuwa imemfikia.

"Ni wewe wa mbwa?"

"Ni mimi."

Aliingia ndani akatoka na spoki ya baiskeli iliyonyooshwa na kuchongwa ncha, ikichemshwa kila siku, ikang'aa kama fedha. "Hemu haiozi kutoka nje," alisema. "Nje ni chumvi tupu. Inaoza kutoka mfupani, mahali chumvi haikufika. Kwa hiyo usiiangalie sura." Aliichomeka ile spoki kando ya mfupa wa hemu niliyokuwa nimeishika, ikazama mpaka katikati, akaichomoa na kunipa ninuse. Akafanya vilevile karibu na goti, kisha karibu na nyonga. Sehemu zote tatu zilinukia tamu na chumvi. Kisha akatoa hemu nyingine, iliyokuwa nzuri zaidi kwa macho, akachoma. Nilipoinusa nilirudi nyuma hatua mbili.

"Hiyo narudisha kwa mwenyewe," alisema. "Unaona? Ile nzuri."

Nilimwomba aniuzie spoki. Alinipa bure, akasema nisimwambie tajiri wake kwamba wapishi sasa wanatoboa bidhaa dukani. Spoki hiyo ninayo mpaka leo. Imepinda kidogo.

Na kupika, kwa ufupi, maana mtaniuliza. Loweka usiku mzima kwenye maji baridi, ubadilishe maji mara mbili, vinginevyo mtakula chumvi. Weka kwenye sufuria kubwa na maji mapya baridi, kitunguu, karoti, pilipili manga. Ikishachemka, punguza moto. Maji yatetemeke tu, yasiruke. Maji yakiruka nyama inakuwa nyuzi kama kamba ya mkonge. Ikiiva, yaani spoki ikizamishwa mfupani ikatoka na moto, vua ngozi ikiwa bado na moto, chora mafuta yake kwa kisu kama wavu, choma karafuu moja kila penye makutano, paka sukari guru iliyochanganywa na haradali, kisha itie kwenye tanuri mpaka ing'ae.

Muda wenyewe ulikuwa ndani ya daftari langu: dakika ishirini kwa kila ratili. Nilipata hesabu hiyo kwa kupika hemu saba pale Nakuru, nikiandika kila moja ilivyotoka. Ya saba ilikata kama mkate. Memsahib alinipa saa ya mezani ya jikoni, na nikaona sasa nimemaliza kujifunza. Rhoda akaja. Nilitembea kama mtu mwenye cheo.

Kisha tukahamia Molo.

Bwana alichukua shamba la pareto, maua ya dawa ya wadudu, huko juu, mahali ambapo mwezi wa saba unaona pumzi yako jikoni saa nne asubuhi. Nyumba yetu sisi watumishi ilikuwa ya mawe, chumba kimoja chenye jiko la moshi, na Rhoda alikuwa na mimba ya miezi minane. Binti wa kwanza wa Bwana alikuwa anaolewa. Kanisani asubuhi, chakula shambani saa nane mchana, watu thelathini, na katikati ya meza hemu ya ratili kumi na nane. Bwana aliniita ofisini kwake.

"Hemu," alisema, kwa sauti ile ya kuomba chumvi. "Mimi nakata mwenyewe, mbele ya watu. Mimi hapana sahau ile ya mbwa."

"Ndiyo, Bwana."

"Mpishi ya hoteli nataka kazi hapa. Mimi nasema ngoja."

Nilirudi chumbani nikamwambia Rhoda. Alikuwa ameketi kitandani akishona nguo ndogo. 

"Na mtoto akizaliwa njiani?" aliuliza. "Kwa sababu ukifukuzwa, hapa tunatoka siku hiyohiyo."

 Nikaenda kuangalia kama hemu bado imelowekwa.

Nyuma ya jiko la nyumba kubwa kulikuwa na banda ambapo Mama Chebet aliwapikia wafanyakazi wa pareto mahindi na maharagwe ndani ya debe. Alikuwa mama mtu mzima, mpana, mwenye sauti ya kupita ukuta, na alikuwa amepika Molo tangu kabla sijazaliwa. Siku ya harusi nilibandika hemu alfajiri, na saa kumi na mbili kamili maji yalipoanza kutetemeka nikageuza saa mbele yangu. Alisimama mlangoni akanitazama.

"Itatoka lini hiyo?"

"Saa sita kamili."

"Nani amekuambia?"

Nikamwonyesha daftari. Hakujua kusoma, lakini alilitazama kwa heshima, kisha akacheka.

"Mpishi, hayo ni maji ya Nakuru umeandika. Huku juu maji yanapiga kelele mapema lakini hayana moto. Maharagwe yangu nilibandika jogoo hajaamka. Kama ni Nakuru, ningekuwa bado nimelala."

"Mama, haya si maharagwe."

"Na maji je? Si ni yaleyale?"

"Mimi nina saa."

"Saa haijawahi kuivisha kitu," alisema, akarudi kwenye debe lake.

Nilikasirika, na nilikasirika kwa sababu nilijua ananiambia kitu. Lakini nilikuwa na hemu saba ndani ya daftari, na yeye alikuwa na debe. Saa sita kamili niliitoa. Ngozi ilivulika vizuri. Nilichora mafuta kwa rula, naam, kwa rula ya mbao, mistari iliyonyooka pande zote mbili. Karafuu mia moja na kumi na mbili. Ilipotoka kwenye tanuri iling'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Memsahib alipita mara moja, kofia kichwani, akasimama, akasema taratibu, "Zakayo. Nzuri sana."

Spoki ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa sijaitumia. Nataka mwelewe kwa nini, kwa sababu hapa ndipo kosa langu kubwa lilipo, si kule kwenye shimo. Sikutaka kuitoboa. Ingeacha tundu kwenye ule mng'ao, tundu moja katikati ya mistari yangu, na nisingeweza kulivumilia.

Magari ya wageni yalianza kuingia uani saa nane kasorobo. Mama Chebet alipita na kuni.

"Umeichoma kwa spoki?"

"Haina haja."

"Unaogopa itasema nini?"

Nikachomoa spoki nikaizamisha kando ya mfupa, kwa hasira, ili nimnyamazishe. Niliihesabia hadi kumi, nikaichomoa na kuigusa midomoni, kama tunavyofanya, kusikia joto. Ncha ilikuwa baridi. Haikuniunguza hata kidogo.  Na kwenye tundu pakatoka maji mekundu yakitiririka juu ya sukari yangu.

Nyama ya nguruwe mbichi si mchezo, na hapo kulikuwa na watu thelathini, na bibi harusi mmoja. Nilisimama. Mawazo yaliyonijia nitawaambia yote. Kwanza, niiache tu, labda hawatafika mfupani. Pili, niidondoshe sakafuni kwa makusudi, niseme imeteleza. Tatu, na msinicheke, nilitazama dirishani nikatafuta jembe liko wapi.

Mama Chebet alikuwa amesimama na kuni zake mkononi. Hakusema kwamba alinionya. Alisema, "Nje imeiva?"

Nikachoma karibu na juu. Spoki ikatoka na moto. Upana wa vidole vinne kuingia ndani, ilikuwa imeiva kabisa.

"Basi wape ya nje. Ya ndani irudi kwa sufuria. Lakini nenda useme."

"Nikisema nimekwisha."

"Mke wako yuko pale nje anaanua nguo. Watu wakiugua, naye ataumia," alisema. "Nenda useme."

Nilimkuta Memsahib kwenye ukumbi akipanga maua. Nikamwambia kwa Kiswahili cha haraka, kisha polepole. Hemu imeiva nje. Mfupani ni mbichi. Bwana akikata mpaka mfupani, watu wataugua. Kosa ni langu, maji ya huku nilikuwa siyajui na nilionywa nikakataa kusikia.

Alichomoa ua moja kutoka kwenye chombo.

"Bwana napenda kata mpaka mfupa," alisema.

"Najua, Memsahib."

"Mimi nikiambia yeye sasa, nafukuza wewe mbele ya watu yote." Akaweka lile ua mahali pake. "Wewe simama karibu ya yeye. Kisu nafika karibu, wewe ondoa."

"Niondoe sahani mbele ya Bwana?"

"Ondoa."

Nimepika miaka mingi tangu siku ile na sijawahi kutazama kitu kama nilivyotazama kisu kile. Nilisimama nyuma ya bega la Bwana na bakuli la viazi. Alikata vizuri, lazima niseme, vipande vyembamba vya waridi vikilala kimoja juu ya kingine. Watu walisifu. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe aliomba mara ya pili, kisha ya tatu. Kila aliyeongezwa, kisu kilishuka. Vilibaki vidole vitatu. Vidole viwili. Jasho lilinishuka mgongoni na Molo yote ilikuwa baridi. Mzee wa ndevu akanyoosha sahani tena. Nikaona rangi ya nyama ikibadilika chini ya kisu, ikianza kuwa nyeusinyeusi na kung'aa, na Bwana akageuza ncha kuelekea mfupani.

Niliweka viazi chini, nikashika sahani kwa mikono yote miwili, nikaiinua.

"Bwana, hemu imekwisha."

 Kisu kilikuwa bado hewani. Hemu iliyobaki mikononi mwangu ilikuwa kubwa kuliko kichwa changu na kila mtu aliiona.

"Imekwisha," Memsahib alisema kutoka upande wa pili wa meza. "Leta keki, Zakayo."

Nilitoka. Miguu ilinifikisha jikoni yenyewe. Mama Chebet alikuwa ameshachemsha maji. Tuliitumbukiza, tukafunika, akakandika unga uliokandwa kuzunguka mfuniko wote ili mvuke usitoroke, akaweka jiwe juu. Akasema hivyo ndivyo wanavyopika maharagwe siku za haraka, na kwamba sasa nisiguse. Sikugusa. Nilikaa juu ya mikono yangu.

Bwana aliingia jikoni saa kumi na moja jioni wageni wakiwa wamekwenda. Hakuwa amewahi kuingia jikoni mwangu.

"Kwa nini wewe naondoa nyama mkononi yangu?"

"Ndani ilikuwa mbichi, Bwana."

"Wewe najua saa ngapi?"

"Kabla hujakaa mezani."

"Na naambia nani?"

Nikainama kuchochea moto. Alielewa. Alitazama sufuria, unga uliokauka kuzunguka mfuniko, jiwe.

"Fungua."

Nilibandua unga. Nilizamisha spoki kando ya mfupa, nikahesabu kumi, nikaigusa midomoni. Iliniunguza. Nikampa Bwana naye aguse, akaigusa, akavuta kichwa nyuma. Nikamkatia kipande cha mfupani kabisa. Alikila akiwa amesimama, taratibu, bila uma.

"Mama wa maharagwe nafundisha wewe hii?"

"Ndiyo, Bwana."

"Basi wewe nasikiliza yeye," alisema, akaomba kipande kingine.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa juma lile, katika chumba kile cha mawe, na Mama Chebet ndiye aliyempokea. Kitabu changu kilikuja kuandikwa miaka kadhaa baadaye, Bwana alipouza shamba. Wapishi wenzangu walikuwa na kurasa za sifa. Changu kilikuwa na mstari mmoja, kwamba huyu mpishi husema nyama ikiwa mbichi. Mstari huo ulinipatia kazi mara nne.

Siku hizi mnanunua hemu iliyokwisha kuiva, imekatwa, imefungwa kwa plastiki, na mnaitia kwenye friji inayojifunga yenyewe. Hamhitaji kunusa kitu. Wachache wenu bado mtapika paja zima nyumbani wakati wa Krismasi, na mtasoma dakika zilizoandikwa na mtu ambaye hajawahi kufika Molo. Mimi bado nina wasiwasi. Bado naamka kuangalia jiko lililozimwa. Lililobadilika ni hili: zamani nilitazama saa, nikapamba, kisha nikaficha. Sasa nachoma kwanza, na ncha ikitoka baridi, namwambia mwenye meza kabla hajashika kisu.